Re: Mikindani kwa nusu siku, nishukie wapi?
Mkuu, salama? Umesema unatoka Lindi na basi la asubuhi, una nusu siku ya kuiona Mikindani, ule mji mkongwe wa pwani, hujui kama ufike kwanza Mtwara mjini. Usifike. Barabara inapita Mikindani kwanza, kama kilomita 10 kabla ya mjini. Mwambie konda mapema. Ukizubaa utapanda daladala kurudi nyuma.

Kabla ya yote angalia mzigo: begi kubwa na vichochoro haviendani. Mimi huanzia Boma la Wajerumani la 1895, kule juu, jua halijawa kali, ndiyo nashukia kwenye nyumba za mawe ya matumbawe. Milango ya nakshi, roshani za mbao, kuta nyingine zimeshikwa na mizizi. Hapo usiharakishe. Ya Livingstone, yule mmisionari mvumbuzi, kuanzia safari hapo 1866 utasimuliwa tu, hata usipouliza. Ukitaka kupiga picha watu barazani, salimia kwanza, uombe.