Siku hii ni ya nani hasa? Maswali yenu kuhusu sherehe za kazini na za mtaani

Wiki hizi mbili maswali yameingia mengi, na karibu yote yanazunguka kitu kimoja, sherehe. Sherehe za ofisini, za shule, za serikali, hadi za geti. Nimechukua matatu. La kwanza nitakaa nalo sana kwa sababu linanigusa, nimefundisha primary miaka kumi na moja kabla sijaanza kuandika hapa, kwa hiyo mtanivumilia.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari moja huku Tororo. Niliomba shule tufanye Siku ya Kiswahili tarehe 7 mwezi wa saba, mkuu wa shule akasema hiyo siku si ya Uganda ni ya Watanzania, walimu wenzangu nao wakacheka, ati Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na majambazi, mtoto akikijua atakipeleka wapi. Mwisho wamekubali lakini kwa sharti nitafute mgeni rasmi mkubwa, tenti, na kila mtoto alete elfu tano. Sasa sijui kama niendelee. Hizi siku zina maana kweli ama tunajichosha tu? (Mwalimu, Tororo)

JIBU: Marahaba mwanangu. Endelea, ila si kwa hayo masharti waliyokupa.

Tuanze na mkuu wako. Chanzo cha tarehe yenyewe ni Tanganyika, hapo hajakosea, tarehe 7 Julai 1954 ndiyo chama cha TANU cha Mwalimu Nyerere kilizaliwa na kikashika Kiswahili kama chombo cha kudai uhuru. Lakini UNESCO ilipoipitisha hiyo siku Novemba 2021 iliipitisha kwa dunia nzima, na Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya Afrika kupewa siku yake namna hiyo. Na sisi Uganda tumo ndani kabisa. Katiba yetu ilibadilishwa 2005 Kiswahili kikawekwa lugha rasmi ya pili, Julai 2022 baraza la mawaziri likakipitisha tena na kutaka kifundishwe mashuleni, halafu 2023 sherehe ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafanyiwa hapa hapa Kampala. Wimbo wa Jumuiya ambao watoto wako wanauimba asubuhi kwenye paredi uko kwa lugha gani? Hata jeshi letu siku yake kubwa linaiita Tarehe Sita, kwa Kiswahili, kukumbuka shambulio la kambi ya Kabamba la 6 Februari 1981 lililoanzisha vita vya msituni vya Museveni, na hakuna Mganda anayeuliza hilo jina limetoka nchi gani.

Sasa hao walimu waliocheka. Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu wengi wetu tunaopenda Kiswahili tunapapita haraka sana. Kicheko chao kina kidonda ndani yake. Kuna wazee nchi hii, hasa upande wa Buganda lakini hata huko kwenu, ambao Kiswahili walikisikia kwa nguvu mara ya kwanza kwenye roadblock miaka ya 70, enzi za Idi Amin, mtu ana bunduki anasema toa kitambulisho, lala chini, na wengine waliochukuliwa siku hiyo hawakurudi nyumbani. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja na upendo anakuangalia tu. Na hata kabla ya hapo, miaka ya 1920 mwishoni gavana wa Mwingereza, Gowers, alitaka kukisukuma Kiswahili mashuleni na Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, akakataa wazi wazi, aliogopa Luganda kitamezwa. Kwa hiyo ubishi huu una karibu miaka mia, wewe umeukuta njiani.

Ndiyo maana mimi naona siku kama hii ina kazi. Siku ya kukumbuka haifai kuwa ya kusifu peke yake. Mwite mzee mmoja wa hapo mtaani anayekiogopa Kiswahili, mkalishe chini ya mwembe, watoto wamuulize kwa nini, na aongee kwa lugha yake mwenyewe, Dhopadhola ama Ateso, mtu atatafsiri. Halafu mwite dereva wa lori anayelala Malaba akisubiri kuvuka, Kiswahili ndicho kimemfikisha Mombasa na kumrudisha. Mwite yule mama wa sokoni anayenunua samaki kwa Mkenya asubuhi na kumuuzia Mganda jioni, yeye hajawahi kukaa darasa la Kiswahili hata siku moja na anakiongea kuliko mimi na wewe. Mwite na askari mstaafu pia, aseme yeye alikijulia wapi na kilimsaidia nini, watoto wasikie kwamba lugha moja imebeba bunduki na imebeba samaki. Saa mbili zinatosha. Hakuna tenti hapo, hakuna elfu tano, na kumbuka mtoto ambaye kwao elfu tano haipo siku hiyo atajiuguza abaki nyumbani, sasa utakuwa umemfundisha nini kuhusu Kiswahili.

Mgeni rasmi ndiye anayenikasirisha zaidi. Shule niliyofundisha mimi, tarehe 5 Oktoba tulikuwa tunafanya Siku ya Walimu. Hiyo tarehe ina maana nzito kwetu, ni kukumbuka mwaka 1966 pale Paris mataifa yalipopitisha mapendekezo kuhusu haki na hadhi ya mwalimu, na tangu 1994 inaadhimishwa duniani. Mwaka mmoja mgeni rasmi aliambiwa saa nne akafika saa nane. Watoto wamekaa juani tangu asubuhi, wawili walianguka. Akaongea saa nzima kuhusu barabara. Kisha ukafika wakati wa kula na nani alikuwa anapakua chakula na kubebea wageni sahani? Sisi walimu. Siku ya Walimu, na walimu tuko mstari wa jikoni tumeshika sufuria, na mama aliyekuwa anatupikia posho (ugali) na maharage miaka yote hiyo hakuna aliyemtaja hata jina. Nililia nyumbani usiku ule na sioni aibu kusema.

Mwaka uliofuata watoto wangu wa darasa la sita wakafanya kitu kidogo sana bila kumuuliza mtu, kila mtoto alikata kipande cha karatasi akaandika jambo moja analolikumbuka kwa mwalimu mmoja. Changu kiliandikwa, ulinipa kalamu siku ya mtihani na hukuniambia niirudishe. Ninacho mpaka leo, kimekunjwa ndani ya Biblia. Yule mama wa jikoni alipata vipande kumi na vitatu, akaomba asomewe kimoja kimoja kwa sababu yeye hasomi, na tulichelewa kufunga ofisi siku ile.

Kwa hiyo mkuu wako akikuuliza tena mgeni rasmi ni nani, mjibu kwa heshima kabisa, mzee, wageni rasmi ni wanne na wote wanakuja kwa miguu ama kwa boda.

SWALI: Hapa ofisini kwetu Kampala hatupumui. Bethdei, mchango. Mtu anaoa, mchango, na kwanjula yake (siku ya kutambulishwa kwa wakwe) kabla ya hapo, mchango. Mtoto amezaliwa, mchango. Women's Day keki, Labour Day fulana. Mtu wa rasilimali watu ameanza kusema watatukata kwenye mshahara moja kwa moja. Na mwaka jana baba yangu alipofariki Kasese walikuja watu wawili tu. Nikikataa kuchanga wataniona mbaya? (Nimechoka, Kampala)

JIBU: Pole sana kwa mzee ndugu yangu, na pole zaidi kwa hao wawili tu. Nadhani hilo ndilo swali lako, zile keki ni moshi wake.

Kuhusu kukatwa mshahara, wasikutishe. Mshahara ni wako, mchango wa keki hauwezi kukatwa humo bila wewe mwenyewe kukubali, usisaini kitu hujakisoma.

Lakini nataka tuangalie wazee wetu walifanyaje, kwa sababu kuchanga hatukufundishwa na ofisi. Buganda kuna munno mukabi, watu wa mtaa wanaweka pesa ndogo kila mwezi, wananunua masufuria, viti, maturubai, na siku msiba ukiingia kwa mmoja vitu vyote vinahamia kwake kabla hata hajaomba, pamoja na watu wa kupika na watu wa kulala naye matanga. Kinamama wana nigiina yao, leo kwako kesho kwangu. Angalia hapo pesa ni kidogo na inajulikana, zamu inajulikana, na msiba ndio unatangulia. Ofisi zetu zimegeuza, furaha ya bosi ina bajeti na kilio cha mfagiaji kina meseji ya pole kwenye grupu la WhatsApp na emoji za mikono.

Usikatae kimya kimya, hapo ndipo utaonekana mbaya. Simama kwenye kikao useme, jamani tuweke kiasi kimoja kila mwezi, kidogo ambacho hata askari na mfagiaji wanaweza, na fungu la kwanza liwe la msiba na hospitali, nauli ya watu watano kwenda kuzika hata ikiwa ni Kasese ama Kitgum. Kitakachobaki ndio keki. Wale wawili waliokuja kwenu watakuunga mkono, anza kuongea nao kabla ya kikao.

Na hizo fulana za Labour Day, mvae, lakini siku hiyo mtu mmoja awaeleze wenzake ilivyoanza. Mei 1886 wafanyakazi Marekani waligoma wakitaka kazi iwe masaa nane kwa siku, Chicago ikawa na damu, na baadaye wengine wakanyongwa. Mwezi mmoja tu baada ya mgomo huo, tarehe 3 Juni 1886, vijana wetu, wale mashahidi wa Uganda, walichomwa Namugongo kwa ajili ya imani yao, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Kila mwaka naona mahujaji wanatembea kwa miguu wiki nzima na zaidi kwenda huko, wengine wanatoka Kenya na Tanzania, viatu vimeisha, na hakuna aliyewalazimisha wala kuwakata mshahara. Wanajua wanamwendea nani. Ofisi yenu ikijua masaa nane yalilipiwa bei gani, labda bosi ataanza kuwaacha mwende nyumbani saa kumi na moja.

SWALI: Mimi askari wa geti, Arua, Mwislamu. Kila Idd napangwa kazini, ati Idd haina tarehe kamili. Wenzangu Krismasi wanapewa ofu. Nina haki gani? (Askari, Arua)

JIBU: Unayo, mdogo wangu, tena imeandikwa. Idd zote mbili ni sikukuu za taifa Uganda sawa na Krismasi. Sheria ya ajira ya 2006 inasema mfanyakazi anapata mapumziko yenye malipo kamili kila sikukuu ya taifa, na bosi akikuhitaji kazini siku hiyo basi akupe siku nyingine ya kupumzika yenye malipo, ama akulipe si chini ya mara mbili ya siku ya kawaida. Kwa hiyo zile Idd zote ulizosimama getini, kama hukupewa kimoja kati ya hivyo viwili, unadai. Kusanya tarehe zake, ziandike.

Lakini najua pesa mara mbili haikurudishii swala ya asubuhi na watoto wako wamevaa kanzu mpya baba hayupo. Ongea na mwenzako Mkristo wa zamu, wewe umshikie Krismasi na Pasaka, yeye akushikie Idd mbili, sikukuu mbili kwa mbili. Mwandike jina lake na lako kwenye ratiba sasa hivi, Ramadhani ikiwa bado mbali, na pale kwenye tarehe muandike siku mbili zinazofuatana ili mwezi ukiandama jioni msianze kupigiana simu usiku. Na siku hiyo umpelekee pilau getini ikiwa bado ina moto.