Hornby, Märklin na Kato kwenye meza moja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Jirani yangu mzee ameniachia sanduku la treni ndogo za Hornby, za Uingereza. Mnadani nikaongeza kichwa cha zamani cha Märklin, cha Ujerumani, na shemeji amenitumia seti ya Kato ya njia ya N kutoka Japani. Watoto wanataka zote zikimbie meza moja, nami natamani pawepo stesheni ya Dar es Salaam. Inawezekana?
Baba wa watoto watatu, Leeds

JIBU: Marahaba. Inawezekana, lakini tuanze na umeme. Kichwa cha Märklin usikipandishe kwenye reli za Hornby hata kwa kujaribu. Kitakaa vizuri, maana njia zote mbili zina upana wa milimita 16.5, na hapo ndipo wengi hunaswa. Märklin huchukua umeme kwenye vidoti vilivyo katikati ya njia na kuurudisha kwa reli zote mbili, kwa hiyo gurudumu la kushoto na la kulia yameshikana kwa chuma. Kwa Hornby kila reli ina upande wake wa umeme. Ekseli ya namna hiyo ikigusa reli zote mbili ni shoti papo hapo. Kipe duara lake na transfoma yake, njia zisigusane popote.

Kato hukimbia njia ya milimita 9. Ipitishe nyuma ya meza, juu ya kilima, ionekane treni ya mbali.

Sasa macho. Hornby yako ni skeli ya OO, yaani 1:76: ndogo mara 76 kuliko treni halisi. Märklin ni HO, 1:87. Treni halisi za Uingereza ni ndogo kwa sababu madaraja na mahandaki yao ni finyu, na mota za enzi zile hazikuenea ndani ya bodi ya 1:87. Waingereza wakakuza bodi, njia wakaiacha ilivyo. Ndiyo maana kichwa cha Hornby kikipishana na cha Mjerumani vimo vinakaribiana, wala hakuna atakayelalamika. Sanamu za watu ndizo zinazoumbua: mtu wa sentimita 170 ni milimita 22 kwa OO, lakini hafiki 20 kwa HO. Stesheni moja iwe na skeli moja ya watu, milango na ngazi. Hapo mimi silegezi.

Kwa Dar es Salaam chagua 1:87. Jiji lile lina njia za upana wa aina tatu: SGR milimita 1,435, reli ya kati 1,000 na TAZARA 1,067. Ukigawa kwa 87, SGR inaangukia 16.5, na zile mbili zinakaribia 12, upana wa HOm, yaani HO ya njia nyembamba, unaouzwa madukani. Meza yako yenye njia pana na nyembamba itakuwa ya kweli kabisa! Ila TAZARA usiiunganishe na reli ya kati; kwenye uhalisia mizigo huhamishwa Kidatu. Kichwa cha reli ya kati kitengeneze kwa chesisi ya Bemo, wanaounda treni ndogo za reli za Uswisi zenye upana wa mita moja, uivishe bodi ya kadi ngumu. Watoto wapake rangi.

Ukitaka kichwa cha Märklin kivute mabehewa ya Hornby kwenye duara lake, jua kwamba viungio vya Hornby havishikani na vya Ulaya. Tenga behewa moja, mbele ufunge kiungio cha Hornby, nyuma cha Ulaya.