Umezama chumvini, unaogopa ukimwi: koo je, umelifikiria?

Mkuu, umesema ulizama chumvini, yaani ulimnyonya sehemu za siri, binti uliyekutana naye wiki iliyopita, kesho yake ukakimbilia kupima ukimwi, ukatoka negativu. Sasa unauliza kama uko salama, na kama umwambie mchumba wako. Nakujibu kama mtu aliyekwisha kuungua hapo hapo, ila mimi nilikuwa upande wa kunyonywa.

Mwaka 2019 nilikuwa Morogoro kikazi. Nikampata binti, akasema wazi hatulali mpaka tupime, basi tukaishia mdomoni. Nilijiona mjanja kweli. Siku ya nne alfajiri naenda haja ndogo, nikajikuta nimeshika ukuta. Mkojo unatoka kama pilipili, na kwenye bukta kuna doa la usaha wa njano, limekauka kama uji uliogandia kwenye kikombe. Duka la dawa nikamnong'oneza muuzaji (nyuma yangu kuna mama kabeba mtoto), nikapewa azuma, vidonge vya antibayotiki. Siku tatu nafuu, ya tano usaha huo tena.

Nikampigia binti, nikamporomoshea matusi. Akaenda maabara, akapima mkojo, akanitumia picha ya majibu: safi. "Haya, hiyo gono (kisonono) umeitoa kwa nani?" Na mimi nilikuwa sijalala na mtu miezi kadhaa. Tukakorofishana hapo, kila mmoja anaamini mwenzake mwongo.

Aliyenifumbua macho ni nesi mtu mzima kwenye kituo cha afya. Aliuliza, "Mlifanya nini hasa?" Nikamwambia hatukufanya kitu mama, ni mdomo tu. Akaguna. "Mwanangu, mdomo nao ni njia. Huyo mwenzio wamempima chini, ugonjwa uko kooni." Nikachomwa sindano ya seftriaksoni na kupewa karatasi ya kumwita mwenza. Kipimo cha koo pale hakikuwepo, kwa hiyo naye alitibiwa kwa kuwa mimi nina dalili. Koo lake halikuwahi kumuuma hata siku moja.

Hapo ndipo penye utata, mkuu. Kisonono cha kooni mara nyingi hakioneshi chochote, na kipimo cha mkojo hakikioni. Kinachokiona ni kijiti cha pamba kinachopitishwa kooni. Tena kukiondoa huko ni kugumu kuliko chini, vidonge vya kubahatisha ndiyo kabisa. Vijidudu vya kisonono vikiwa kooni vinakutana na jamaa zao wasio na madhara wanaoishi humo siku zote, na vinaweza kuchukua kwao mbinu za kukwepa dawa. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, nayo hukaa kooni kimya hivyo hivyo.

Na wewe uliyezama, angalia midomo na ulimi. Kaswende inaanza na kidonda kisichouma, mara nyingi baada ya kama wiki tatu, kisha kinapona chenyewe na mtu anashukuru Mungu kumbe ugonjwa umeingia ndani. Ikiwahiwa inatibika kwa penisilini, sindano ya benzathini. Malengelenge ya zinaa (herpes) ndiyo hayaponi moja kwa moja, yanatulizwa tu, na yale ya mdomoni yanahamia sehemu za siri vizuri sana. Kuna pia HPV, kirusi cha masundosundo. Aina zake nyingine huleta saratani ya koo miaka mingi baadaye. Mwenye binti wa miaka 9 hadi 14 ampeleke chanjo, Tanzania ipo tangu 2018 na sasa ni dozi moja.

Ukimwi kwa njia ya mdomo hatari yake ni ndogo sana. Ila kipimo cha kesho yake hakikuambii lolote kuhusu usiku ule, kinasoma ya nyuma. Rudia baada ya wiki 6, kisha miezi 3. PEP, dawa za dharura za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya tukio, inaanzwa ndani ya saa 72, kwako zimeshapita.

Kuna aliyekushauri usukutue kwa maji ya chumvi na limao. Mtu katoka chumvini unampa chumvi! Haitibu. Tena usipige mswaki muda mfupi kabla ya shughuli, fizi zikichubuka umefungua mlango. Kwa mwanaume anayenyonywa, kondomu inapunguza hatari. Kwa kuzama, kondomu mpya isiyo na dawa ya kuua mbegu ikatwe kwa urefu itandazwe juu ya uke kama kizuizi. Haina raha, najua.

Ukifika kwa daktari usiseme "nina UTI". Sema ni mdomo, lini, na upande upi, ndipo atajua pa kuangalia.

Kuhusu mchumba, mwambie kabla hujamgusa, na kumbusu kwa ulimi kusubiri pia. Mimi yule binti nilimpigia baada ya mwezi kumwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nilimaliza dozi, akakata simu.