Gawa kwa Ishirini na Nne: Kwa Anayeanza Kuunda Modeli za Magari

Vijana wanaonijia hapa Nakuru wakitaka kuanza kuunda modeli za magari huniuliza wanunue nini kwanza, na jibu langu huwaudhi kidogo. Nunua rula ya chuma na tepu ya fundi. Kikokotoo tayari kiko kwenye simu. Bunduki ya kupulizia rangi, seti ya vipande vya kuunganisha kutoka Japani, kabati la vioo, vyote hivyo vitangoja. Kazi hii tangu mwanzo hadi mwisho ni kugawanya. Modeli ikikosa sura ya gari, hata kama imekula pesa nyingi, ichunguze na utakuta kuna kitu ambacho mwenyewe alisahau kukigawanya. Mara nyingi ni tairi. Kama si tairi, ni rangi.

Skeli ya 1:24 maana yake sentimita moja ya modeli ni sentimita 24 za gari lenyewe. 1:64 ndiyo inayotajwa kwa vigari vya Hot Wheels na Matchbox, ila namba hiyo usiiamini sana: ukubwa hurekebishwa ili kila gari lienee kwenye pakiti, kwa hiyo lori na gari dogo la mashindano huweza kutoka na urefu unaokaribiana. 1:43 ilitokana na treni za modeli za Ulaya, na wakusanyaji wa magari ya rali wanaipenda. 1:24 ndiyo ya seti nyingi za plastiki za Tamiya na Hasegawa kutoka Japani. Wamarekani kama AMT wamezoea 1:25. 1:18 ni kubwa na kwa kawaida hununuliwa ikiwa imekamilika. Chagua moja ukae nayo. Ukirukaruka, rimu ulizobakiza huku hazitakufaa kule. Mimi huwaelekeza wanaoanza kwenye 1:24, kwa sababu vipande vyake vinashikika na kosa linaonekana kwa macho.

Gari la kwanza liwe lile unaloliona kila siku. Ukiunda Lamborghini ambalo hujawahi kuligusa hata mlango, nani atakukosoa? Unda matatu, ile basi dogo ya abiria ya huku kwetu, na kila makanga (kondakta) wa steji ni mwalimu wako.

Tuchukue HiAce ya abiria 14, ile ya bodi nyembamba na paa la kawaida. Kwa vipimo vya kiwanda ina urefu wa milimita 4,695, upana 1,695, kimo 1,980, na kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma ni 2,570. Gawa kwa 24 upate 195.6, 70.6, 82.5 na 107. Namba hizo nne ziandike kwa kalamu ya wino juu ya karatasi yako ya mchoro na usiziguse tena, hata jicho likikudanganya kwamba gari ni fupi.

Tairi ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu watu huokota magurudumu ya toi yoyote na kuyaingiza. Kipimo chake kimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Chukua 195/80R15. Upana ni milimita 195. Ukuta wa tairi ni asilimia 80 ya hiyo, yaani 156. Rimu ni inchi 15, na inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo 381. Kimo chote ni rimu pamoja na ukuta wa juu na wa chini: 381 na 156 na 156, jumla 693. Gawa kwa 24: milimita 28.9. Upana wake utakuwa 8.1. Ukiweka gurudumu la milimita 34 kwa sababu ndilo ulilopata, umelivalisha matatu tairi za karibu sentimita 82, na halitaonekana tena kama gari la kubeba abiria kwenda Molo. Litaonekana kama linakwenda kulima.

Vipimo vya kiwanda havimalizi kazi, kwa sababu hakuna matatu iliyobaki jinsi ilivyotoka kiwandani. Nenda steji saa za mapema, gari likiwa halijapata abiria. Anza na salamu, usianze na tepu. "Habari ya asubuhi, mzee. Naomba nipime gari lako kidogo, natengeneza modeli yake." Atakucheka, kisha mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakushikia ncha ya tepu. Pima keria, bampa lililobadilishwa, umbali wa herufi za jina la gari kutoka ukingo wa kioo. Pima mstari wa njano. Ukiwa wa sentimita 15, kwako ni milimita 6 na robo. Ukibandika wa milimita 10 kwa kuwa tepu yako ina upana huo, gari lako lina mstari wa sentimita 24, na mtazamaji atahisi kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Malighafi iko mjini. Wenye kutengeneza mabango hutupa vipande vya PVC ngumu, na wakikuzoea watakuwekea. Hapa pia gawanya kabla ya kukata: kipande cha unene wa milimita 3 ni ukuta wa sentimita 7 kwenye 1:24. Kitumie kwa sakafu na mbavu za ndani zisizoonekana. Kwa milango na paa tafuta cha milimita 1 au chini ya hapo. Kata kwa wembe mpya, ukipitisha mara nyingi kwa mkono mwepesi. Mkono mzito huipinda njia. Vipande viunge kwa supa glu, lakini isiguse kabisa karibu na vioo. Mvuke wake hutua juu ya plastiki angavu na kuacha ukungu mweupe usiofutika. Vioo bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka inakuwa angavu, na ikimwagika pembeni unaifuta kwa kitambaa chenye maji.

Sasa rangi, ambako nitakaa kidogo.

Rangi ya gari halisi kutoka kiwandani ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukipaka modeli ya 1:24 kwa brashi na ukaacha unene uleule, umelipaka gari rangi ya milimita 2.4. Mistari ya milango inajaa, pembe zinaviringika, vitasa vinazama. Ndiyo maana tunapuliza, na ndiyo maana tunapuliza kidogo kidogo. Makopo ya spreya ya Tamiya ni mazuri sana, lakini makopo yenye gesi hayapitishwi kwenye vifurushi vya kawaida vya ndege, kwa hiyo usijenge matumaini juu yake. Nenda duka la rangi za magari uchanganyiwe duko, yaani rangi ya magari, kwa kodi, ile namba ya rangi ya gari. HiAce nyingi nyeupe ni 058. Mchanganyaji atakuuliza ni lita ngapi. Mwombe kiasi kidogo kabisa anachokubali kuuza, na umweleze ni ya nini asije akadhani unamchezea.

Duko ina thina kali, na thina hiyo hula plastiki ya seti za kiwandani. Weka praima kwanza, yaani rangi ya chini ya kushikilia nyingine, kisha vumbi la rangi tu, mpulizo mwepesi, ambalo hata halifuniki. Acha likauke. Rudia. Funiko la kwanza linaloonyesha praima chini yake ndilo sahihi, ingawa kila anayeanza huliona baya na kutaka kulikamilisha papo hapo. Katikati piga msasa wa maji wa namba 1000, mwishoni 2000. Kwenye pembe usisugue kabisa, maana rangi huko huwa nyembamba kuliko kwingine.

Halafu kuna hali ya hewa. Ndugu zangu wa Kisumu wana tatizo ambalo sisi huku juu hatulijui sana. Thina ikiruka hupoza uso wa rangi. Hewa ya kando ya ziwa ikiwa na unyevu mwingi, unyevu huo hutua juu ya rangi mbichi na kuifanya iwe na weupe wa maziwa, hasa kwenye nyeusi. Msipulize mvua inaponukia. Tumieni thina inayokauka polepole, na rangi ikishapata weupe, vumbi jepesi la thina hiyohiyo mara nyingi huurudisha mng'ao. Nakuru adui ni vumbi. Kuanzia mchana upepo ukiamka, funga kazi, au uwe na boksi la katoni la kufunikia gari mara tu unapoweka bunduki chini.

Rangi za metaliki zina ujanja wake. Chembe za fedha ndani ya duko zimesagwa kwa ajili ya gari la mita nne, na juu ya kigari cha 1:64 zinaonekana kama sarafu zilizobandikwa. Kwa skeli ndogo epuka metaliki za magari kabisa. Nyeusi nayo huwa nyeusi mno kwenye kitu kidogo. Itie tone la nyeupe. Kwa macho yangu nyeusi ya taksi iliyo mbali hatua kumi ni kijivu kilichokolea, na modeli hutazamwa kana kwamba iko mbali.

Jambo moja si la mjadala: rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), usiipulize chumbani. Ina kemikali ziitwazo isosaianeti, ambazo zinaweza kukuachia pumu ya maisha. Hata kwa duko ya kawaida vaa barakoa yenye kichujio cha kaboni. Ile ya kitambaa inazuia vumbi tu, mvuke unapita.

Wapo wasiotaka kuunda kutoka mwanzo, wanataka kugeuza Hot Wheels. Sawa, na ni mazoezi mazuri ya rangi. Geuza gari uone riveti mbili chini. Toboa kichwa cha riveti kwa biti ya milimita 3 hadi kichwa kidondoke, kisha simama. Ukiendelea unakula nguzo. Toboa katikati ya nguzo kwa biti ya milimita 2, na hapo skrubu ya M2.5 (kipenyo cha milimita 2.5) kutoka kwenye laptop iliyokufa itashika. Mafundi wa kompyuta wana makopo yake. Rangi ya zamani itoe kwa dawa ya kuondoa rangi, lakini bodi ya chuma peke yake ndiyo iingie. Vioo na sakafu ya plastiki vikiingia havitoki.

Kuhusu kukusanya nina machache. Soko la mitumba la Kibuye kule Kisumu, hasa Jumapili, na meza za mitumba za hapa kwetu huwa na vigari vilivyokuja vimechanganyika na toi nyingine. Muuzaji akikuambia "hii ni ya 1969" kwa sababu imeandikwa chini, mjibu kwa upole. Mwaka ulioandikwa chini ni wa umbo kusajiliwa. Gari lenyewe linaweza kuwa limemiminwa miaka 30 baadaye. Hot Wheels zilianza 1968, Matchbox 1953, Tomica 1970, na ukishika nyingi utaanza kuzitofautisha kwa uzito na magurudumu. Magari ya zamani sana, hasa ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, huweza kupasuka na kuvimba yenyewe, kwa kuwa zinki yake iliingiwa na madini ya risasi kiwandani. Watu hulitenga gari kama hilo wakidhani litaambukiza mengine. Haliambukizi. Ila halitibiki pia, usilinunue. Na magari yako usiyaweke mahali jua linapopiga, hata kama ndipo wageni wanapoyaona vizuri.

Ukitaka kukusanya kwa mada, mada yetu iko mlangoni. Safari Rally, rali yetu ya Kenya, ilianza 1953, na tangu irudi kwenye mashindano ya dunia 2021 inakimbiwa Naivasha, ndani ya kaunti yetu. Dereva Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliishinda 1965 kwa Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Hasegawa wametoa seti ya 1:24 ya Datsun 240Z iliyoshinda 1971. Gari la Safari lisilo na tope ni la maonyesho, lakini hata tope ligawe: udongo wa kawaida ukiumwaga juu ya bodi, kila punje ni jiwe. Saga chaki ya rangi au vumbi la matofali, pitisha kwenye soksi ya nailoni, uchanganye na rangi ya maji.

Ukishaunda matatu mbili tatu zinazokubalika, mwenye gari atakuja kutaka la kwake. Chukua arbuni inayolipia vifaa vyote, na usiseme tarehe kabla ya kuona mawingu. Siku hiyohiyo ya makubaliano nenda ulipige picha gari lote, pande nne na juu ya paa, ukiwa umeshikiza rula kwenye kila mchoro. Wakishalipeleka kwa mchoraji kubadilishwa sura, na hubadilishwa bila kukuuliza, hizo picha ndizo pekee utakazokuwa nazo, na mteja atataka lile la zamani.