Mto wa kuanzia na boti ndogo ya makasia
We unayeuliza mto wa kuanzia na boti ndogo ya makasia, tafuta wa daraja la 1 kwenye ile skeli ya 1 hadi 6 ya ugumu wa mito, yaani maji yanatembea tu na njia unaiona, daraja la 2 subiri mkono uzoee kwanza. Mi naogopa miti iliyoanguka kuliko mawe, hasa upande wa nje wa kona, maji yanapita kwenye matawi ila boti inanasa hapohapo, so mto mwembamba wenye miti mingi kingoni achana nao hata kama umetulia. Ukiona hatari elekezea pua ya boti huko kwa mshazari, we ukiwa umekaa unaangalia puani, vuta makasia kwa nguvu urudi nyuma. Na mvua ikiwa imepiga huko juu usiingie kabisa.