Mashine inatembea, mbona chupa hazitimii?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Ninasimamia shifti kwenye kiwanda cha maji ya kunywa, Vingunguti, Dar es Salaam. Mashine yetu ya kujaza chupa za nusu lita ni ya chupa 6,000 kwa saa. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri tunatoa chupa 27,000, na kati ya hizo 540 tunazitupa. Tuna nusu saa ya chakula, mashine inazimwa. Daftari linaonyesha ilisimama dakika 90 tu. Bosi anataka asilimia ya ufanisi. Naipataje?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kipimo unachohitaji kinaitwa OEE (Overall Equipment Effectiveness, yaani ufanisi wa jumla wa mashine), na aliyekieneza ni Mjapani Seiichi Nakajima. Kinazidisha mambo matatu: muda mashine iliotembea, kasi yake, na ubora wa kilichotoka.

Shifti yako ni dakika 480. Toa 30 za chakula, zinabaki 450. Toa 90 za daftari, mashine imetembea dakika 360, sawa na asilimia 80 ya 450. Kwa chupa 100 kila dakika, dakika hizo 360 zilipaswa kutoa chupa 36,000. Mmetoa 27,000, yaani asilimia 75. Chupa nzuri ni 26,460, asilimia 98. Zidisha 0.80 kwa 0.75 kwa 0.98, unapata 0.588, yaani asilimia 58.8. Kuhakiki, gawa 26,460 kwa 45,000, ambazo ndizo zingetoka kwa dakika 450 bila hasara yoyote. Jibu lazima liwe lile lile.

Sasa iangalie vizuri hiyo 75. Chupa 9,000 zilizokosekana ni dakika 90 nyingine, sawasawa na zile za daftari, ila hizi hazikuandikwa na mtu. Chupa inaanguka kwenye konveya, opereta anaisimamisha: sekunde 20. Kifuniko kinakwama kwenye reli, anakigonga kwa bisibisi: sekunde 40. Mashine ya lebo mbele imejaa, ya kujaza inasubiri. Au kuna aliyepunguza kasi kwa sababu vifuniko vilikuwa havikazi, kisha hakuna aliyeirudisha.

Kujua ni lipi, hesabu chupa zinazotoka kwa dakika moja mashine ikitembea bila kusimama. Ukipata 100, kasi ni nzima na hasara ni ya kusimama-simama. Ukipata 80, kasi yenyewe imeshushwa. Kisha simama pale na karatasi saa nzima, upige mstari mmoja chini ya sababu kila inapotokea, hata ya sekunde 10. Rudia katikati na mwishoni mwa shifti.

Yako makosa yanayoharibu hesabu hii. Kubwa ni kuweka kasi mliyoizoea badala ya kasi ya mashine kwa chupa ya ujazo huo. Ukiweka 75 kwa dakika, kasi itasoma asilimia 100 na zile dakika 90 zitafichika kabisa. Kasi ikisoma zaidi ya asilimia 100, ama kasi uliyoweka ni ndogo mno, ama mmeandika muda wa kusimama kupita kiasi.

Umeme ukikatika, usifunge hesabu ya muda wa kusimama pale taa zinapowaka. Kompresa lazima kwanza ijaze hewa hadi presha ya kazi. Ifunge hesabu pale chupa nzuri ya kwanza inapotoka. Na usiutoe muda huo kama ule wa chakula, maana haukupangwa.

Kaunta, kile kifaa cha kuhesabu chupa, nayo ipimwe. Sensa ya mwanga ikilegea au chupa ikitikisika mbele yake, chupa moja huhesabiwa mara mbili. Linganisha na katoni zilizofungwa.

Utasikia kwamba kiwango bora ni asilimia 85. Kinatokana na 90 ya muda, 95 ya kasi na 99 ya ubora, na ni shabaha nzuri, lakini kwa sasa jilinganishe na wiki yako iliyopita. Tafadhali sana, asilimia hii isitumike kumkata opereta posho. Siku atakayoadhibiwa kwa kuandika ukweli, daftari litaanza kusema uongo na hutakuwa na cha kupima.

Bosi mpelekee 58.8 pamoja na ile karatasi ya mistari. Safu yenye mistari mingi zaidi ndiyo ya kumwitia fundi kwanza.