Kesi za biashara na msaada wa kisheria, vinaenda pamoja?

SWALI: Shikamoo wakili. Niko Shule ya Sheria hapa Dar, nataka kubobea kesi za biashara ila mama yangu ni wa sokoni na ningependa kusaidia watu kama yeye bure. Wenzangu wanasema biashara ni mabenki na makampuni tu, msaada wa kisheria ni ndoa na mirathi. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wenzako wamekosea kabisa. Mtu wa sokoni anaishi ndani ya mikataba, mkopo, kodi ya fremu, mzigo wa mali kauli, akigombana na aliemkopesha hiyo ni kesi ya biashara kama ya benki tu, sema yeye hana wa kumsomea karatasi.

Kazi kwanza. Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu kipo tangu 1999, na pale shahidi anatoa ushahidi wake kwa maandishi, alafu anakuja kusimama kwa ajili ya kudodoswa, yaani kuulizwa maswali na upande wa pili. Kwaiyo kama unapenda kuongea tu utateseka, huku kesi unaishindia ofisini, umekaa na shahidi masaa unamuuliza hii invoisi uliipokea lini, nani alisaini, mbona tarehe ya kupokea mzigo imetangulia oda. Angalia na ushuru wa stempu, kodi ya serikali inayolipiwa kwenye mikataba, mkataba usiolipiwa utapigwa pingamizi na haupokelewi kama kielelezo, yaani ushahidi wa karatasi, mpaka ulipiwe pamoja na faini. Na madai ya mkataba ukomo wake, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi, ni miaka 6, hesabu tarehe kabla ya kitu chochote.

Sasa hayo hayo ndo mtaani wanayahitaji. Nilishaletewa karatasi za mama mmoja aliekopa kwa mkopeshaji binafsi, akasainishwa karatasi mbili, ya kwanza mkopo, ya pili anauza nyumba, na bei ya nyumba ni ile ile ya mkopo mpaka shilingi ya mwisho, tarehe moja, shahidi mmoja. Mume hajasaini popote, na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakiruhusu kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza. Mtu wa ndoa na mirathi angekiona hicho kifungu, ila ile bei inayofanana na mkopo, inayoonyesha nyumba ni kama dhamana tu na sio mauzo ya kweli, anaiona aliezoea hesabu za biashara. Ndo maana nakwambia usitoke kwenye fani yako ukienda kujitolea, nenda nayo.

Pa kuanzia ni kwa wasaidizi wa kisheria, watu waliofundishwa sheria za msingi bila kuwa mawakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili lakini watu wanawafata wao kwanza. Kaa nao, wafundishe kusoma mkataba wa mkopo, ukishaapishwa kuwa wakili chukua mafaili machache unayoyaweza, na faili la bure liingie kwenye daftari lako la tarehe sawa na la anaelipa, maana kesi ikifutwa kwa kutohudhuria mahakama haiulizi ulilipwa ngapi. Kabla hujaapishwa usimwandalie mtu nyaraka kwa malipo, ni kosa.

Na anaekuja mwambie alete karatasi zote hata anazoona hazina maana, na asifute meseji kwenye simu, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 zinapokelewa kama ushahidi ukionyesha zilivyotunzwa.